Kinyozi

Wanaiita Kinyozi, rasi ile
ya kaskazini, pale Songo Songo inapochoka kuwa mchanga.
"Kwa nini Kinyozi?"
Somoe, miaka kumi, mtoto wa nyumba niliyofikia,
alinitazama miguuni, halafu usoni.
"Hunyoa bila maji."

Nilikuwa nimekuja kuandikisha vizazi, siku tatu,
na ile ilikuwa Ijumaa, daftari limefungwa.
Viatu vyangu vya ngozi, vya masijala ya Kilwa Masoko,
vimezoea saruji, na zulia la mkurugenzi siku za kuitwa.
Yeye kandambili: moja ya bluu, moja iliyowahi kuwa nyekundu.
Akatangulia.

Jiwe lile si jiwe la kusimamia.
Limetobokatoboka kama mkate wa kumimina
uliosahauliwa motoni tangu dunia haijapata majina;
kila tundu lina mdomo, kila mdomo una jino,
na chini, kwenye majimaji, chaza wameng'ang'ania,
wamefumba, kama watu wanaojua jambo.
Bahari huioni. Unaisikia ikikohoa ndani ya mwamba,
kisha tundu moja, mbali, usipopatazamia,
linatema chumvi hewani.

"Usishike hapo. Shika hapa."
"Hapo pana tandu?"
"Hapana. Panakata."
"Na hapa?"
"Hapa pia. Ila kidogo."

Mwenzio akinyolewa, nilijisemea, zako tia maji.
Lakini hizo ni nywele. Goti je?

Tulipofika nchani maji yalikuwa yanakupwa.
Kitwitwi wanne walikimbizana na povu.
Somoe akaketi, akakunja gauni, akanionyesha goti:
kovu la ncha tatu, kama unyayo wa ndege.
"Huu wangu. Wa dada uko kiganjani. Bibi ana miwili.
Huku kila mtu ana muhuri wake."

Sikujibu.

Mama yangu alikuwa na kovu hilo.
Goti la kushoto. Ncha tatu.
Nililijua kwa kidole kabla sijajua kusoma,
akinisuka, nimekaa chini katikati ya miguu yake,
na kila nilipouliza alijibu: baiskeli.
Baiskeli, Lindi mjini, mtelemko wa Mtanda.
Visiwa havijui, alisema, hata kwa picha.
Cheti chake cha kifo nilikijaza mwenyewe, kwa mkono huu;
mahali pa kuzaliwa, nikaandika nilichoambiwa.

Miaka kumi na tisa nagonga mihuri.
Najua ulio halali kwa kutupia jicho:
wino uliokolea upande mmoja, ukingo uliolika.
Ule ulikuwa halali.

Alikimbia nini? Mume? Deni? Jina?
Mwamba ukakohoa.
Kinyozi hajinyoi, husemwa; huyu bahari humnyoa
usiku na mchana, na ndevu ndiyo kwanza zinachongoka.

"Mama yako anaitwa nani?"
Nikamtajia. Mwanahawa binti Fikirini.
"Nitamuuliza Bibi."
"Usimuulize."
Tukakaa.
"Muulize," nikasema. "Lakini si leo."

Kurudi, nilikanyaga kila alipokanyaga.
Sikuteleza hata mara moja.
Jiwe lilichuna ngozi ya ng'ombe badala ya yangu.
Kwenye mwamba wa mwisho nilimwacha atangulie,
nikapandisha sketi, nikasogeza goti
kwenye jino moja, karibu, karibu,
hadi nikasikia ubaridi wake.
Kisha nikawakumbuka wote niliowarudisha dirishani
na karatasi zao nzuri kupita kiasi.
Ingekuwa kughushi.

Somoe alikuwa mchangani, kandambili mkononi.
"Umekatwa?"
"Hapana," nikasema,
kama mtu anayekiri kosa.